Tenga Nililofungua Kabla ya Siku Zake

Mnakuja hapa kwangu Karatu na simu zenu mkononi, mnaniuliza, "Mama, nimenunua kuku kumi, niwachanganye lini na wale wa zamani?" Nikiwaambia wiki tatu, mnatazamana, halafu mnacheka chini chini kwa adabu. Mmoja wenu juzi kanijibu kwamba ameona kwenye mtandao siku saba zinatosha. Nikamwambia sawa, na kuku wakianza kufa uuite huo mtandao uje ukusaidie kuchimba shimo. Alinuna. Acha anune, mimi nimenuna tangu wazazi wake hawajaoana.

Leo nitawafundisha yote ninayoyajua kuhusu kuingiza kuku wageni, na nitawaambia jambo ambalo halimo kwenye ripoti yangu hata moja. Mkitaka lile la kwanza, mtavumilia na la pili.

Kazi yangu ilikuwa ushauri wa mifugo vijijini. Nilipata cheti miaka ya sabini ikiwa bado michanga, na nikapangiwa nyumbani kwetu Buger. Wenzangu wanaume walipewa ng'ombe, josho na pikipiki. Mimi nikapewa kuku na baiskeli isiyo na breki, na mkubwa wangu hakuona haya kunipa sababu: kuku ni mambo ya wanawake. Alisema kwa dharau, ila kwa jambo lenyewe hakukosea sana. Kwetu Wairaqw wa wakati ule ng'ombe walikuwa wa baba, mbuzi wa baba, na hata punda aliyebeba mahindi ya mama alikuwa wa baba. Kuku tu ndiye mama angeweza kumchinja, kumgawa au kumpeleka mnadani bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa hiyo kuku wa mwanamke wakifa, kinakufa kitu pekee alichokiita "changu" mbele ya watu. Hilo mliweke akilini kabla hamjaenda kumshauri mtu.

Chuoni walinifundisha majina ya magonjwa. Kufuga nilifundishwa na Mzee Yohana, aliyewahi kutunza mabanda ya kuku kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja kule Oldeani. Mzungu aliondoka, mzee akabaki na koti la mzungu na akili ya kazi. Siku ya kwanza nilimwendea na cheti changu na jogoo mmoja wa kisasa, mweupe, mzuri kweli. Nikamtupa yule jogoo katikati ya kuku wake saa nne asubuhi, jua linawaka. Mzee hakunizuia. Aliketi juu ya debe, akatazama. Kufika saa sita jogoo wangu alikuwa amejibanza kwenye kona, upanga wa kichwani unavuja damu, na majike wanampiga kwa zamu. Mzee Yohana alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nimempeleka bwana harusi ukweni bila mshenga na bila hata kubisha hodi.

Tangu siku hiyo nikawa namsikiliza yeye kwanza, kitabu baadaye. Alinionyesha kwamba mgeni huingizwa jioni, wenzake wakiwa wameshapanda kwenye vijiti kulala, maana kuku gizani hana ugomvi, na asubuhi wanaamka wamezoeana harufu. Haingizwi peke yake. Ingiza wawili au watatu, wa umbo linalolingana na wenyeji, ili wanaoonewa wagawane kipigo. Siku tatu nne kabla yake, weka tenga la wageni ndani ya uwanja wa wenyeji, waonane na wasigusane. Siku yenyewe ongeza vyombo vya maji na uvitawanye, tupa majani mengi ya kabichi huku na huku, na uondoe kila kona ambayo mnyonge anaweza kubanwa akakosa njia ya kutokea. Watapigana kidogo, na waache wapigane. Ukiona damu, mtoe anayepiga, usimtoe anayepigwa. Mpiga akikaa nje siku tatu, anarudi akiwa mgeni yeye.

Hayo ni ya ugomvi, na ugomvi hauui kuku wengi. Kinachoua ni kile ambacho mgeni anakuja nacho tumboni na puani huku anaonekana mzima. Ndiyo maana kabla ya hayo yote kuna kutenga. Wiki tatu, mbali na banda lenu kiasi cha hatua thelathini au zaidi, mahali ambapo upepo hautoki kwa mgeni kwenda kwa wenyeji. Lisha wa kwako kwanza, mgeni mwisho, na usirudi nyuma. Mgeni awe na chombo chake cha maji. Mzee Yohana alikuwa na makatambuga yake ya tairi, ya kuvaa kwenye tenga la wageni tu, na alipoyavua aliosha miguu kwa maji na jivu. Kila asubuhi mtazame mgeni macho, pua, kinyesi, chini ya bawa kama ana chawa, na magamba ya miguu kama yameinuka. Wiki mbili zikipita salama, chukua kuku mmoja wako wa zamani, yule ambaye hutamlilia sana, mweke pamoja na mgeni. Mzee alimwita askari. Askari akimaliza wiki nzima bila kuugua, fungueni. Akiugua, mmepoteza mmoja na mmeokoa arobaini.

Nilizunguka Buger nzima nikiwafundisha wanawake hayo, na hapo ndipo nilipogonga ukuta. Walinisikiliza vizuri, wakanipikia loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na hawakutenga hata mmoja. Nilidhani ni uvivu. Nilikuwa mjinga wa kwetu niliyesahau mambo ya kwetu.

Wazee wetu walikuwa na metimani. Mtu aliyefikiwa na kifo cha namna fulani, kwa mfano mwanamke ambaye mimba imetoka au mtoto amezaliwa hana uhai, alitengwa. Haingii nyumba ya mtu, hachoti maji pamoja na wenzake, haendi mnadani, na kikombe chake ni chake. Walisema kifo kimemgusa na anaweza kukipitisha kwa watu na mifugo. Kila ukoo ulikuwa na hesabu yake ya miezi. Kanisa lilikuwa linalipiga vita jambo hilo, na mama zetu waliimba kwaya Jumapili kwa sauti nzuri, halafu Jumatatu wakahesabu miezi ya mtu. Sasa mwanamke amekuletea kuku wa zawadi, na wewe unamchukua huyo kuku unamweka peke yake mbali, na chombo chake cha maji. Unamwambia nini aliyemleta? Unamwambia mikono yake ina kifo. Ndiyo maana walikubali maneno yangu kwa kichwa na kuku wa zawadi wakamwachia uwanjani aliyemleta akiwa bado hajaondoka, ili aone amepokelewa.

Wifi yangu aliitwa Paskalina. Alikuwa mke wa kaka yangu Tluway, na tuliishi boma moja na mama yetu, mimi sijaolewa bado. Sitaki mnifikirie kwamba tulikuwa mawifi wa kuchunguzana sufuria. Tulipendana. Alinisuka nywele kila Jumamosi, na nilipokuwa chuoni yeye ndiye aliyeniandikia barua, maana kaka yangu kuandika ilikuwa adhabu. Walikuwa na binti mmoja wa miaka kama mitano, Bernadeta. Mtoto wa pili alizaliwa hana uhai.

Mama akamweka Paskalina kwenye metimani. Kibanda kikajengwa pembeni ya boma, na Bernadeta akahamia kwa bibi yake. Tluway hakusema kitu, si mtu wa kusema. Miezi ikaenda. Pasaka ilipokaribia, katekista akaja kumwambia Paskalina kwamba Mungu hana habari na hesabu hiyo, atoke, aje kanisani. Mama akasema bado miezi miwili. Paskalina akaniuliza mimi, msomi wa familia. Nikamwambia toka. Nilisema bila kufikiri, kama mtu anavyomwambia mwenzake mvua imekatika.

Akatoka. Jumapili ya Pasaka alikwenda kanisani, na mnada wa Karatu uliofuata akaenda na debe la maharage aliyolima mwenyewe. Alirudi na kuku. Jike jekundu, zito, miguu safi, macho maangavu. Akaja nalo moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, Jumatano hiyo hiyo ya mnada, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ni wewe uliyenitoa, akasema, basi huyu ni wa kwako. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi yote ile kupokea kitu kutoka mkononi mwake na vidole vyetu kugusana.

Nilimshukuru, na alipoondoka nikafanya kazi yangu. Nikamweka kuku kwenye tenga nyuma ya nyumba, hatua thelathini, na chombo chake. Wakati huo nilikuwa na kuku wa mfano, wa kuonyeshea wanakijiji, walioishi uwanja mmoja na wa mama. Mkubwa wangu wa wilaya alikuwa anakuja na wageni kuwaona baada ya wiki chache. Alishaniambia kwamba mradi huo ukiharibika, hatapanga tena mwanamke kwenye kazi ya vijijini. Mnaona sasa kwamba nilikuwa na kila sababu ya kushika wiki zangu tatu.

Jumapili, siku ya nne, Paskalina alipita nyuma ya nyumba yangu kutafuta kuni. Mama alikuwa ameenda kusalimia jirani, tulikuwa sisi wawili tu. Akaliona tenga. Akasimama. Akatazama umbali wa tenga kutoka kwenye banda, akatazama kile chombo cha maji kilichokuwa peke yake, halafu akanitazama mimi.

"Hata wewe, wifi?"

Nikaanza kumweleza mambo ya vijidudu. Nilikuwa na somo lote kichwani, nilishalisema kwenye vijiji vingapi. Nilimweleza huku najisikia ninavyosema, na kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilikuwa linampiga. Kuwekwa mbali, kutogusana, chombo chake mwenyewe, kungoja tuone kama amebeba kitu. Hakulia. Angelia labda ningemaliza somo. Alianza kuokota kuni zake taratibu, kama mtu aliyekumbushwa jambo alilokuwa amelisahau kidogo.

Nikalifungua tenga. Palepale, mbele yake, nikamtoa yule jike nikamwachia uwanjani, akakimbilia kwa wenzake. Paskalina akatabasamu, akaniambia, "Mimi nilidhani..." na mimi nikamwambia aache mawazo. Tukasukana nywele siku hiyo ingawa haikuwa Jumamosi.

Nisikilizeni hapa, maana mnaweza kudhani hilo ndilo kosa ninalolililia. Lilikuwa kosa la kazi, na nililifanya kwa sababu nilimpenda mtu. Kosa la namna hiyo nimelisamehe zamani.

Jumanne yule jike alisimama peke yake, mabawa yamelegea. Jumatano anahema mdomo wazi, kinyesi kijani. Alhamisi shingo ikapinda na akafa, na wa mama watatu wakawa wameshaanza. Kilikuwa kideri, ule ugonjwa ambao wengine mnauita mdondo. Ninyi mna chanjo ya tone moja la jicho na hamuitumii. Ya kwetu ilitoka Arusha ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na barafu ilikuwa imeyeyuka gari likiwa bado Makuyuni. Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, kuku wa huyu wanalala kwa yule. Zamani boma na boma lilikuwa mbali, kideri kingekula boma moja kikachoka. Safari hii kilifuata mstari wa nyumba mpaka mwisho. Kwa wiki mbili wanawake wa mtaa wetu walichimba mashimo. Mama yangu alikuwa na kuku ishirini na kitu. Alibaki na jike moja lenye shingo iliyopinda, lililokuwa linazunguka zunguka likitafuta chini na kuona juu.

Watu wakaanza kusema. Hawakusema kideri. Walisema Paskalina ametoka kabla ya miezi yake, na kitu cha kwanza alichokileta kwa mkono wake ndicho kilichokufa cha kwanza. Ukiisikiliza hadithi hiyo bila kujua yaliyotokea nyuma ya nyumba yangu, inaingia akilini kabisa.

Wazee wa ukoo wakakaa uwanjani kwa mama, na wanawake wa jirani wakasimama ukutani. Paskalina aliwekwa upande wake, kwenye kigoda. Waliongea sana. Mama aliongea akilia, na alikuwa na haki ya kulia. Halafu mzee mmoja akanigeukia, akaniambia wewe ni mtu wa serikali, umesomea hawa hawa kuku, tuambie wameuawa na nini.

Nilijua kila kitu. Nilijua ugonjwa, nilijua umetoka mnadani, nilijua kwamba jike lile lingekaa kwenye tenga wiki tatu lingefia pale pale peke yake na kuku wa mtaa mzima wangekuwa hai. Nilijua nani alilifungua. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili matatu: nimefungua mimi. Nikamwona mkubwa wangu akisoma ripoti. Nikaona baiskeli ile isiyo na breki inarudishwa ofisini. Nikaona wanawake wale ukutani, niliowahubiria kutenga miaka yote, wanageuka kunitazama. Paskalina naye alikuwa ananitazama, ametulia, kama mtu anayesubiri zamu yake ipite kwa mwenzake kwanza.

"Ofisi bado inachunguza," nikasema.

Mama yangu akajifuta machozi. "Basi sisi tumeshachunguza," akasema.

Wakamrudisha kwenye metimani, aanze upya hesabu yote tangu mwezi wa kwanza. Hakubishana, na hakunitaja. Alikaa kibandani wiki moja, na asubuhi moja tukakuta kibanda kitupu, ameondoka kwa miguu kwenda Oldeani kuchuma kahawa kwenye mashamba. Bernadeta alibaki. Mama alisema mtoto hawezi kwenda na mtu wa namna ile, na Tluway, kama kawaida yake, alikubali kwa kunyamaza. Baada ya muda akaoa mke mwingine.

Mkubwa wangu alipokuja nilikuwa nimeshachoma mizoga, nimefukia, nimenyunyiza chokaa, nimefungia kuku waliobaki na wa vijiji jirani. Kuku wa mfano walikuwa wamekufa pamoja na wengine, lakini kwa usafi wa kazi ile alifurahi. Nikaandikiwa barua ya pongezi kwa kuzuia ugonjwa usivuke kata. Kwenye ripoti, mahali pa chanzo, niliandika "hakijafahamika". Ninayo nakala mpaka leo, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Kisha nikapandishwa cheo, nikapelekwa Ngorongoro, kufundisha ufugaji wa kuku kwa Wamasai ambao wakati ule wengi wao hawakula kuku wala yai. Mama mmoja kule alinihoji kwa heshima kubwa. Aliuliza kama mnyama huyu anakwenda malishoni na kurudi na maziwa. Nikasema hapana. Akauliza kama ngozi yake inalaliwa. Nikasema hapana. Akaniambia basi mwanangu, huyo ni mgeni tu anayekaa kula, rudi naye kwenu. Nilikaa kule miaka mitatu nikiandika ripoti za kuku wasiokuwepo, na nilishukuru kwamba hapakuwa na mtu wa kuniuliza habari za Buger. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuishi na jambo kama lile akala, akalala, akaolewa, akazaa. Msidanganywe na wanaosema dhamiri inaua.

Mama akafariki. Hakuambiwa.

Miaka ya themanini ikiwa inaelekea mwisho, Bernadeta alichumbiwa. Alikuwa amekuwa msichana mzuri, mchapakazi, mdomo kama wa bibi yake. Kwetu pale ikaulizwa kama mama yake aitwe kwenye harusi. Bernadeta akasema yeye mwenyewe kwamba hataki, kwamba hawezi kumweka mtu aliyeingiza kifo kwenye boma akae mbele siku yake ya harusi. Alisema bila hasira, kama anavyosema maziwa yamechacha. Alikuwa amelelewa na maneno hayo tangu miaka mitano, na mimi shangazi yake nilikuwa namletea peremende kila likizo nikimsikia anayasema.

Kesho yake nilipanda lori la kwenda Oldeani. Nilimkuta Paskalina kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, amekonda, nywele zimeanza mvi. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Nikamwambia nimekuja kumwambia ukweli, kwamba kuku waliuawa na kideri na kwamba mimi ndiye niliyekosea kufungua tenga, na yeye hakuwa na kosa lolote. Nilisema nikilia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kulaaniwa, nilikuwa nimejiandaa hata kwa kusamehewa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwepo, wifi."

Akaniambia kwamba siku ya kikao alijua kila kitu. Alishasikia kwamba kuku wote wa yule aliyemuuzia, mtu wa Rhotia, wamekufa wiki ile ile. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mkubwa anayeuliza jambo la watoto wadogo. Angesema yeye, akaniambia, nani angemsikia mwanamke wa metimani anayejitetea kwa kumsingizia wifi yake mtaalamu? Alikuwa ananingoja mimi. Alingoja siku ile kwenye kigoda, akangoja wiki nzima kibandani, na alipoona siji ndipo akaondoka. Msamaha sikumsikia akiutaja, na mimi nikakosa uso wa kuuomba.

"Kamwambie mtoto," akasema. "Mimi nimeshazoea kutojulikana. Yeye ataolewa akiwa na mama wa uongo kichwani."

Nikarudi Buger. Nikamwita Bernadeta nyuma ya nyumba, nikamwambia yote, siku ya nne, tenga, kikao, "ofisi bado inachunguza", ripoti. Hakuniuliza habari za kideri. Aliuliza jambo moja tu.

"Shangazi, ulikuwa unajua siku ile ile?"

Nikamwambia nilikuwa najua.

Asubuhi akaenda Oldeani. Harusini Paskalina alikaa mbele, mahali pa mama, na gauni la kuazima, na Tluway alipopita karibu yake alivua kofia asijue aitie wapi mikono yake. Kumfunda bibi harusi ni kazi ya shangazi, na mimi ndiye shangazi wa pekee aliyekuwa hai. Siku ya kumfunda nilivaa vitenge vyangu vizuri, nikafika mapema. Nikaambiwa na mwanamke wa jirani, kwa upole, kwamba mambo yameshafanyika tangu jana.

Haya, nendeni mkatenge kuku wenu wiki tatu. Aliyewaletea zawadi akikasirika, akasirike, mkae naye chini mmweleze mpaka aelewe, hata kama mtashinda hapo. Na kosa likitokea kwa mkono wako, liseme siku hiyo hiyo, watu wakiwa bado wamekaa.

Bernadeta anaishi hapa hapa Karatu, ana wajukuu sasa. Tukikutana sokoni ananiamkia vizuri, kwa heshima zote, kama anavyomwamkia bibi yeyote mwenye mvi. Shangazi hajaniita tena.